Maswali yenu: Bibi aliondoka au alifukuzwa?

Toleo lililopita tuligusia namna ya kutafuta majina ya mababu kwenye vitabu vya zamani vya makanisa, tukadhani mtatuuliza tarehe za kuzaliwa. Wapi! Barua karibu zote ni za ugomvi wa ndoa. Bibi aliondoka kwa nini, nani alimfukuza nani, yule mtoto mkubwa mbona ana jina la ukoo mwingine, babu alishtaki au alishtakiwa. Haya, nimechagua chache zinazoweza kuwasaidia na wengine.

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni watu wa Ihangiro, Bukoba, ila mimi nimekulia Mwanza. Babu yangu mzaa baba alikuwa anasema mama yake alimwacha mumewe akapanda meli akaenda zake. Upande mwingine wa ukoo wanasema sio kweli, alifukuzwa, kwa sababu mzee alipotaka kubatizwa aliambiwa achague mke mmoja na yeye hakuchaguliwa. Nimeenda mpaka parokiani nikaonyeshwa kitabu cha ndoa, mzee yumo, kafunga ndoa 1926, lakini jina la mke sio la huyo bibi! Na babu kazaliwa kabla ya 1920. Karani akaniambia hakuna kingine. Ni kweli hakuna? Na kama kulikuwa na kesi, ilisikilizwa wapi? (Kitukuu, Mwanza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Karani hajakudanganya, amekujibu ulichouliza. Uliomba kitabu cha ndoa, na kitabu cha ndoa kazi yake ni kuandika siku watu walipokubaliana, wakianza kukorofishana chenyewe kimeshafungwa kimerudi kabatini. Ugomvi uliandikwa sana tu, ila haukuandikwa kwa jina lake. Unaukuta pembeni mwa ukurasa, au umeandikwa kama deni la mbuzi, au mtu anaonekana hapokei komunyo Pasaka hii wala ile na hakuna anayesema kwa nini. Ukishalijua hilo unatafuta kwa jicho lingine kabisa.

Rudi parokiani na safari hii omba vitabu vya ubatizo. Cha mzee, cha huyo mke wa 1926, na cha bibi kama naye alibatizwa. Sababu ni kwamba Agosti 1907 Papa Pius wa 10 alitoa amri inayoitwa Ne temere, ikaanza kutumika Pasaka ya 1908, na ndani yake kuna agizo kwamba mtu akifunga ndoa, padre aiandike pia pembeni ya jina la mhusika kwenye kitabu cha ubatizo, na kama alibatizwa parokia nyingine basi taarifa ipelekwe huko. Sheria ya Kanisa ya 1917 ikaendeleza utaratibu huo huo. Sasa fikiria, bibi kabatizwa nyumbani, kaondoka, kaolewa kanisani Kampala au Nairobi, taarifa ilitakiwa irudi Ihangiro, na ikirudi inaandikwa pale pembeni kwa wino tofauti na mwandiko wa padre mwingine, kamstari kamoja tu: matr. contr. (yani kafunga ndoa), jina la mume, tarehe, mahali. Watu wanapiga picha katikati ya ukurasa wanaukata ukingo, halafu wanalalamika hawajapata kitu. Piga ukurasa mzima.

Kilatini kisikutishe. Majina yanabadilika mkia tu, Josephus akitajwa kama mtendewa anakuwa Josephum, na Maria anakuwa Mariam, sasa usije ukaandika kwenye mti wa ukoo kwamba babu alioa Mwislamu. Uxor ni mke, vidua ni mjane, filia ni binti. Kama ndoa ilipita bila shida utakuta maneno kama tribus denuntiationibus praemissis, yani ilitangazwa kanisani mara tatu, na nullo detecto impedimento, hakikuonekana kizuizi. Maneno hayo unaweza kuyaruka. Ukikuta disparitas cultus punguza mwendo, maana yake mmoja wao hakuwa amebatizwa na ruhusa maalum ilitolewa. Na ukikuta Privilegium Paulinum simama kabisa, agiza chai, soma neno kwa neno.

Hilo ni jambo lililotoka kwenye barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 7. Mtu amebatizwa, mwenzake hajabatizwa na hataki kuendelea kukaa naye kwa amani, basi yule aliyebatizwa yuko huru kuoa tena. Lakini kabla ya kufika huko yule mwenzake alitakiwa aulizwe: unataka ubatizo? Na kama hutaki, uko tayari kuishi na huyu bila kumsumbua na dini yake? Kwa mwenye wake wengi kulikuwa na ruhusa nyingine ya zamani zaidi, ya Papa Pius wa 5 mwaka 1571, kwamba anaweza kubaki na yule atakayekubali kubatizwa pamoja naye, hata kama sio wa kwanza kuolewa.

Sasa liweke hilo kwenye nyumba ya kwenu. Tuseme mzee alikuwa na wake wawili, bibi yako ndo mkubwa na kashazaa. Katekista anapita anauliza nani anaingia mafundisho, bibi anasema mi simo, mdogo anasema niko tayari. 1926 wanafungishwa ndoa. Kwa watoto wa mke mdogo, bibi alikataa akaondoka. Kwa babu yako aliyebaki bila mama, bibi alitolewa. Nadhani kabisa hizo hadithi zenu mbili ni tukio moja, wamelisimulia watu wa nyumba mbili, na hayo majibu ya bibi kwa padre kama yaliandikwa ndo kitu cha kwanza ningekitafuta kuliko vyote. Uliza kama parokia au jimbo wana mafaili ya ndoa, sio vitabu, mafaili, zile karatasi za maswali kabla ya ndoa. Uliza pia kitabu cha hali ya waumini, status animarum, kinachoorodhesha watu nyumba kwa nyumba. Na ujue mipaka ya majimbo kule imehamahama, Rutabo lilikuwa jimbo lenye askofu wake, Laurean Rugambwa, mpaka 1960 likawa Bukoba, kwa hiyo ukiambiwa karatasi haziko hapa usikate tamaa, uliza zilihamia na nani.

Kuna kitu kingine wengi hawakijui. White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki waliofika Kashozi 1892, walikuwa na sheria kwamba kila misheni iandike shajara, kila siku, kwa Kifaransa. Mvua, wagonjwa, ugomvi na chifu, nani kaja kulalamika. Shajara hizo ziko kwenye nyaraka za shirika lao Roma. Usitegemee sana kukuta jina la bibi, mapadre waliandika zaidi habari zao wenyewe, ila unaweza kupata mwaka ambao walikaza kamba kwenye suala la wake wengi pale parokiani kwenu, na hiyo peke yake inakusaidia kujua mambo yaliharibika lini.

Twende mahakamani, na hapa ndo watu wanapotea zaidi. Buhaya, yani nchi ya Wahaya kule Bukoba, ilikuwa na falme nane, kila moja na mukama wake, Ihangiro ikiwemo. Waingereza walichukua Bukoba kwa Wajerumani 1916, halafu wakati wa gavana Donald Cameron wakaweka utawala wa kupitia machifu, sheria ya mamlaka za wenyeji ikatoka 1926 na ya mahakama za wenyeji 1929. Ndoa ya kimila ikigombaniwa ilienda kwenye mahakama hizo za chini ya mukama. Kuanzia 1929 rufaa ikawa inapanda kwa bwana shauri, yani DC, mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo la serikali, mwisho kwa gavana mwenyewe, bila hata kupita Mahakama Kuu.

Ukienda masjala ukauliza "kesi ya talaka ya bibi fulani" utaambiwa haipo, na kweli haipo. Rejista zenyewe ni madaftari makubwa yenye safu: namba ya shauri, tarehe, mdai, mdaiwa, madai, hukumu, ada. Mwanamke hana safu yake. Kesi inayovunja ndoa yake imeandikwa kama mzee anamdai baba mkwe au shemeji arudishe mahari, kwa hiyo jina la kutafuta ni la baba yake bibi, au la kaka yake aliyepokea ng'ombe au mbuzi au hela. Kama kulikuwa na mwanaume mwingine, basi mdaiwa ni huyo mwanaume na kwenye safu ya madai kumeandikwa ugoni, neno moja tu, na fidia mbele yake. Bibi anatokea ndani kwenye maelezo, kama maelezo yamebaki, na mara nyingine anatajwa kama "mke wake" tu bila jina. Kwa hiyo kabla hujapanda basi kwenda Bukoba kaa na wazee wakupe majina ya wanaume wote wa upande wa bibi, ndugu wa baba yake pia, maana kama mzee wake alikuwa amekufa huenda aliyeshtakiwa ni baba mdogo.

Angalia pia hukumu ilisema mahari irudi yote au pungufu. Kwenye makabila mengi ya kanda ya ziwa watoto waliozaliwa walihesabiwa, mahari inapunguzwa na watoto wanabaki kwa baba. Ukiona mbuzi walioamriwa kurudi ni wachache kuliko waliotolewa, hapo ndo umemwona babu yako, amehesabiwa mle kwenye hesabu ya mbuzi. Inaumiza kidogo kusoma lakini ndo ushahidi wenyewe.

Sasa zipo wapi. Machifu walipoondolewa na sheria ya mahakama ya 1963 ikaleta mahakama za mwanzo, madaftari mengi yalirithiwa na mahakama hizo, mengine yakaliwa na mchwa, mengine yakageuzwa karatasi za kufungia karanga, tusidanganyane. Kesi zilizokata rufaa ndo zimepona zaidi kwa sababu bwana shauri alifungua jalada lake ofisini. Kwa hiyo anzia Nyaraka za Taifa, wana kituo hapo hapo Mwanza unapokaa, makao makuu yapo Upanga Dar. Kwa sheria ya 2002 jalada likifikisha miaka 30 kwa kawaida linafunguliwa kwa umma, ila piga simu kwanza uulize taratibu, usiende ukaambiwa rudi kesho. Na omba kuona mafaili ya Bukoba ya miaka ya 1930 yanayohusu wanawake kusafiri, kulikuwa na malalamiko makubwa ya wanaume wa kule kwamba wake zao wanapanda meli kwenda Kampala na Nairobi, na machifu wakataka wazuiwe bandarini. Kama hadithi ya meli ni ya kweli, hapo ndo inapokaa.

SWALI: Assalaam aleikum. Nyanya yake mamangu aliolewa hapa Mombasa na baharia wa jahazi za Ghuba. Sisi twaambiwa aliachwa. Juzi kwenye sanduku la shangazi tumepata karatasi ya kadhi, hati za Kiarabu, ina tarehe ya Ramadhani 1345. Shemeji yetu aliyesoma chuoni asema hii si talaka. Kama si talaka ni nini, na kesi yake nitaipata vipi? (Binti wa Mji wa Kale)

JIBU: Waaleikum salaam dada. Msikilizeni shemeji. Talaka mume anatoa mwenyewe, karatasi inasema fulani bin fulani kamwacha mkewe fulani binti fulani, moja, mbili au tatu. Kama karatasi haisemi hivyo basi zimebaki njia mbili na zote mwendeshaji ni mwanamke. Kuna khului, mke anajikomboa, hapo utaona kuna kitu anachokitoa, mara nyingi mahari yake anairudisha au anasamehe iliyobaki, na mume yupo au ana wakili wake. Na kuna kufasikhi, kadhi ndo anayeivunja ndoa, na ili aivunje anataka mashahidi, kwa hiyo kwenye karatasi tafuteni majina ya watu wawili watatu wasiokuwa wa familia na maneno ya kwamba mume hayupo na hakuacha matumizi.

Mimi naegemea hiyo ya pili na sababu yangu ni tarehe. Ramadhani 1345 imeangukia Machi 1927. Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa msimu, majahazi ya kaskazini yanashuka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikifika Machi yaliyokuwa yaje yameshafika na yamejaa bandarini, yanasubiri kusi, upepo wa kusini, yarudi. Mke ambaye mumewe ni baharia anangoja mwisho wa kaskazi. Kama nahodha na wenzake wamekuja na yeye hakuja, wala hela wala salamu, ataambiwa nini tena zaidi ya kungoja mwaka mzima mwingine? Ndo anachukua buibui lake anakwenda kwa kadhi. Na mashahidi wake wa asili ni hao hao mabaharia waliorudi, kwa hiyo yale majina kwenye karatasi msiyapuuze, huenda ni wenzake wa jahazi moja.

Ila msiitafute kesi kwa jina la kuvunja ndoa tu. Kwa kawaida mwanamke hakuanza na kutaka kuachika, alianza na kudai matumizi. Chakula, nguo, kodi ya nyumba. Kwa hiyo rudini nyuma mwaka mmoja na miwili, tafuteni madai ya matumizi, dhidi ya mume au dhidi ya ndugu yake aliyeachiwa jukumu. Halafu nendeni na mbele. Akishatoka kwenye ndoa kuna eda, kwa mwenye kuona siku zake ni tohara tatu, miezi mitatu hivi, kwa hiyo ndoa yake ya pili haiwezi kuwa kabla ya kati ya 1927. Hiyo ya pili ina nafasi nzuri ya kuonekana kwa sababu Kenya ilikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu tangu 1906.

Vitu vidogo vya kuwasaidia. Mtafuteni kwa jina la baba yake, Mwanaisha wako wengi, Mwanaisha binti fulani ndo mmoja. Siku ya Kiislamu inaanza magharibi, kwa hiyo ukibadilisha tarehe kwa programu ya simu acha nafasi ya siku moja huku na huku. Kama mtapata karatasi nyingine yenye sahihi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kama Kadhi Mkuu, hiyo ni kati ya 1937 na 1947, inawasaidia hata kama tarehe imeliwa. Ukanda wa pwani kwa mkataba wa 1895 ulibaki wa Sultani wa Zanzibar ingawa Waingereza ndo waliotawala, ndo maana makadhi na maliwali, yani wakuu wa miji kwa niaba ya Sultani, waliendelea, na ndo maana karatasi nyingine za mambo haya zinaweza kuwa kwenye mafaili ya liwali badala ya ya kadhi. Anzeni ofisi ya kadhi, kisha Nyaraka za Taifa za Kenya. Na hiyo karatasi ya shangazi msiitie plastiki ya moto jamani, nawaomba, ikishagandishwa haitoki tena. Bahasha kavu inatosha.

SWALI: Niaje. Nimepata jajimenti moja ya kitambo, babu yangu alishtakiwa wizi na witnesi alikuwa bibi yake, yani mke wake. Korti ikasema ati huyo mama si mke wake. Na alikuwa amelipa mahari! Sasa sisi ni akina nani? (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Nyinyi ni wajukuu halali wa babu yenu, tulia. Hiyo ni mambo ya korti za wakoloni. Mwaka 1917 kulikuwa na kesi ya mtu anaitwa Amkeyo, kashikwa na mali ya wizi, ushahidi ukatoka kwa mkewe wa kimila. Yeye akasema mke hawezi kulazimishwa kutoa siri za mumewe. Jaji Mkuu Hamilton akakataa, akasema ndoa ya kimila ambayo mwanamume anaweza kuoa wengi na mahari imelipwa haistahili kuitwa ndoa, ni kununua mke. Maneno hayo yakafuatwa kwenye mahakama miaka mingi, ndo hayo uliyoyaona kwenye karatasi ya kwenu.

Lakini geuza uangalie upande wa pili, maana hapo una kitu adimu. Hao wanawake waliosimama kizimbani wakasema alichokileta mume usiku, wengine walilazimishwa na polisi, na wengine walikuwa na ya kwao ya siku nyingi. Soma maswali ambayo huyo mama aliulizwa na babu yenu, na majibu yake, maana mshtakiwa alipewa nafasi ya kumhoji shahidi, na hapo ndo ugomvi wa nyumbani unatoka wote hadharani: ulinipiga, uliniletea mwanamke mwingine, ulikataa kunirudisha kwetu msibani. Kesi ni ya wizi, yaliyomo ni ndoa. Kama kulikuwa na ndoa ya kanisa kwenye ukoo tafuta pia mashtaka ya kuoa mke wa pili, kwa sababu sheria ya ndoa za Wakristo wenyeji ilikuwepo tangu 1904 na aliyeoa kwayo akaongeza mke wa kimila alikuwa anatenda kosa la jinai. Na ile ya 1931 iliyofuata ilimpa mjane Mkristo haki ya kukataa kurithiwa na shemeji, kwa hiyo baada ya hapo utakuta na kesi za aina hiyo. Mabaraza ya wenyeji ya Kenya yaliendelea mpaka sheria ya 1967 ilipoyafuta. Pa kutafutia ni jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, lile lililokuwa benki, unalijua.

SWALI: Nakuandikia kutoka Muscat, wazee wetu walikuja huku baada ya Mapinduzi. Kuna ubishi mkubwa kwenye familia kama mama yake babu alikuwa mke wa ndoa au suria, yani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Wengine hawataki hata litajwe. Kuna njia ya kujua bila kuulizana? (Mwana wa Unguja)

JIBU: Ipo, na ni ya hesabu, haina haja ya kumkasirisha mtu. Tafuta karatasi za mirathi za huyo mume. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake anarithi sawa na ndugu zake, kwa hiyo jina la babu kuwemo kwenye orodha halikwambii kitu. Angalia thumuni. Mume akifa ana watoto, mke au wake zake wanapata sehemu moja ya nane, wakiwa wengi wanagawana. Kama bibi yumo kwenye hiyo thumuni alikuwa mke. Kama wake wengine wamo na yeye hayumo na alikuwa hai, basi hakuwa mke siku mume alipokufa. Ama alikuwa suria, ama alishaachwa, na hapo itabidi utafute talaka kabla hujasema lolote.

Kuna na njia ya mzozo wenyewe. Amri ya Sultan Hamoud ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria iliwaweka masuria kando, ikawahesabu kama watu wa ndani ya nyumba sawa na wake, isipokuwa suria akienda kulalamika kwamba anatendewa ukatili. Hali hiyo ilikwenda mpaka amri ya 1909. Maana yake kwa miaka kama 12 hivi suria aliyetaka kuondoka ilibidi aseme ameteswa vipi, na maneno hayo ndo yaliyoandikwa. Lakini pia wengi waliachwa huru na kuolewa na bwana yule yule, na hapo ubishi unatokea baadaye, bwana kafa, yeye anasema niliolewa, watoto wa mke mwingine wanasema hakuolewa. Shauri limeandikwa mirathi, limejaa mashahidi wa harusi. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Uliza kadhi wa madhehebu ya Kiibadhi na wa Kisunni, wote wawili, usiseme sisi Waibadhi tukaishia hapo, mwanamke anaweza kuwa alikwenda kwa kadhi aliyemtaka.

SWALI: Nimeshapata kila kitu, hukumu, ugoni, fidia, hadi jina la yule bwana mwingine. Baba yangu mzee wa miaka 84 amesema niache mambo ya watu waliokufa. Nifanyeje? (Mtoto mtukutu, Moshi)

JIBU: Hajasema hataki kujua, amesema uache, ni tofauti. Mpe muda, mkikaa wawili muulize yeye anakumbuka nini kabla ya kumwonyesha karatasi, kwa sababu ukianza na karatasi atabishana nayo na hutapata tena alichokuwa nacho kichwani. Akisema sitaki, basi hataki, weka nakala vizuri. Na yule bwana wa ugoni ana wajukuu, kwa jinsi vijiji vyetu vilivyo hao ni majirani zenu au ni wakwe zenu na hawajui lolote, kwa hiyo jina lake lizibe kwenye nakala unayoonyesha watu. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo usiitume kabisa.